Bomba linapita mbele ya kiwanja, mbona jiji linadai dola 21,750?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mke wangu tumenunua kiwanja katika mji mmoja unaokua kwa kasi kaskazini mwa Dallas, Texas. Tunataka kujenga nyumba yenye mabafu matatu na, Mungu akijalia, nyumba ya uani ya chumba kimoja kwa ajili ya mama atakapokuja kutoka Tanga. Mjenzi ametuletea gharama za vibali. Ndani yake kuna kitu kinaitwa 'impact fee': ya maji dola 12,000, ya majitaka dola 9,750. Jumla dola 21,750! Mabomba yote mawili tayari yanapita mbele ya kiwanja. Kodi ya ardhi tunalipa, na bili ya maji tutalipa kila mwezi. Jamaa mmoja anasema Mahakama ya Juu ya Marekani ilishapiga marufuku ada hizi mwaka 2024. Mwingine anasema hela inakwenda kukarabati mabomba ya zamani katikati ya mji. Nyumbani tulipovuta maji tulilipia mita, mabomba na fundi, basi. Je, tukatae kulipa? Au tuuze tukajenge nje ya mji?"*

Ndugu yangu, msikatae kwanza, wala msiuze. Chukueni ramani za mjenzi mtazame mahali palipoandikwa ukubwa wa mita ya maji. Gawanya 12,000 kwa 2.5 unapata 4,800. Gawanya 9,750 kwa 2.5 unapata 3,900. Hiyo 2.5 ni namba maarufu sana katika kazi hii: ndiyo kizidishio cha mita ya inchi moja. Dau langu ni kwamba mjenzi wenu ameandika mita ya inchi moja kwa mazoea, na jiji likazidisha. Nitarudi hapo, maana ndipo penye hela yenu. Lakini tuanze na hicho mnachodaiwa, kwa sababu bila kukielewa mtapigana na mtu asiye na kosa.

Hii ada, ambayo hapa nitaiita ada ya uendelezaji, si malipo ya bomba mnaloliona barabarani. Kutoboa bomba hilo na kufunga mita kuna malipo yake ya pembeni, na mtayakuta kwenye orodha hiyohiyo ya mjenzi. Kwa ada ya uendelezaji mnanunua nafasi: sehemu ya uwezo wa mtambo, tangi, pampu na bomba kuu zilizo maili kadhaa kutoka kwenu. Bomba lenu la mtaani linaweza kuwa na nafasi tele huku mtambo wa mwisho wa safari umejaa pomoni.

Texas wameweka hesabu ya nafasi hiyo kwenye kanuni. Tume ya mazingira ya jimbo, TCEQ, inataka mfumo wa maji wa mji uwe na uwezo wa kuzalisha galoni 0.6 kwa dakika kwa kila mteja, na akiba ya galoni 200 kwa kila mteja kwenye matangi. Galoni moja ni takriban lita 3.8. Kwa hiyo kila nyumba mpya inapoandikishwa, jiji linatakiwa liwe na kama lita 760 za tangi kwa ajili yake, hata kama wenyewe wamesafiri. Nyumba 1,000 zikiongezeka, hilo ni tangi la galoni 200,000 na uzalishaji wa galoni 600 kwa dakika. Akiba yote hiyo ni kwa ajili ya saa mbaya kuliko zote: jioni ya Agosti, joto limezidi nyuzi 38, kila mtu amefungulia nyasi maji.

Kwenye majitaka kanuni ni kali zaidi. Mtambo ukipokea wastani wa asilimia 75 ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibali chake kwa miezi mitatu mfululizo, jiji linapaswa kuanza kupanga upanuzi, uhandisi na fedha pia. Ukifika asilimia 90 kwa miezi mitatu mfululizo, linapaswa kuwa limepata idhini ya kuanza kujenga. Kwa mji unaokua kama wenu, safari kutoka 75 hadi 90 inaweza kuwa fupi kuliko muda wa kujenga mtambo wenyewe. Ndiyo maana jiji linataka hela sasa.

Umesema nyumbani mlilipia mita, mabomba na fundi tu. Ni kweli, na ndiyo sababu ada hii inawashtua watu wengi wanaotoka kwetu. Lakini mtambo ulilipiwa na mtu, ila tu haukuonekana kwenye karatasi yako. Ruvu Chini, unaolisha Dar es Salaam, ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270 kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, na Ruvu Juu ukapanuliwa kwa mkopo wa India. Huko gharama ya mtambo imebebwa na mfadhili na mlipakodi wa taifa zima. Mji wa Texas hauna mfadhili. Una njia tatu tu za maana: bili za wateja, kodi ya majengo, na mtu anayekuja kujenga. Ada ya uendelezaji ni hiyo njia ya tatu.

Sasa kuhusu maneno ya jamaa zako. Huyo wa mabomba ya zamani katikati ya mji anaeleza jambo ambalo sheria inalikataza waziwazi. Ada hizi Texas zinaongozwa na sheria ya mwaka 1987, ambayo sasa ni Sura ya 395 ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya jimbo. Hela hiyo hairuhusiwi kufanya ukarabati wala matengenezo, hairuhusiwi kulipa mishahara na uendeshaji, na hairuhusiwi kuboresha huduma ya wakazi waliopo, hata pale kanuni mpya za mazingira zinapolazimisha maboresho hayo. Inaruhusiwa kulipia ujenzi, upimaji na uhandisi wa miradi iliyoorodheshwa kwenye mpango wa miradi, ununuzi wa ardhi ya miradi hiyo, na riba ya hatifungani zilizoijenga. Inapaswa kukaa kwenye akaunti yake yenyewe yenye riba, na hesabu za akaunti hiyo ziko wazi kwa mwananchi yeyote kuziona na kuzinakili.

Huyo wa Mahakama ya Juu amesikia nusu ya habari. Kesi anayoisema ni Sheetz dhidi ya Kaunti ya El Dorado, California, iliyoamuliwa tarehe 12 Aprili 2024. Bwana Sheetz alitozwa dola 23,420 za barabara ili aweke nyumba yake. Majaji wote walikubaliana kwamba ada haiwezi kukwepa mtihani wa katiba kwa sababu tu imewekwa na baraza badala ya ofisa mmoja. Mtihani wenyewe unauliza mambo mawili: je, ada ina uhusiano na mzigo ambao jengo linaleta, na je, kiasi chake kinaendana na mzigo huo? Kesi ikarudishwa kwenye mahakama za California. Hakuna ada iliyopigwa marufuku siku hiyo. Ukienda dirishani kwa ofisa wa vibali na hoja ya "imeshafutwa," utapoteza asubuhi yako.

Swali la kulipa mara mbili ndilo zito, na lina haki ndani yake. Mnalipa ada ya kujenga mtambo, halafu bili yenu ya kila mwezi ina kipande kinacholipa deni la mtambo huohuo. Waliotunga sheria waliliona hilo. Jiji linapaswa kuchagua moja: lipige hesabu ya kodi na bili ambazo wateja wapya watachangia kwenye miradi hiyo na kuzitoa kwenye ada, au likate asilimia 50 ya gharama yote ya mpango.

Tuone inavyofanya kazi kwa mfano wa kubuni. Tuseme mtambo wa majitaka unaongezwa uwezo wa galoni milioni 2 kwa siku kwa dola milioni 62.4, na nyumba moja inahesabiwa galoni 250 kwa siku. Milioni 2 gawanya kwa 250 ni nyumba 8,000. Milioni 62.4 gawanya kwa 8,000 ni dola 7,800 kwa nyumba. Kata nusu: 3,900. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho baraza linaweza kutoza. Linaweza kutoza chini ya hapo, na mengi hufanya hivyo ili wajenzi wasikimbilie mji jirani.

Mfano huohuo unaonyesha mahali hesabu inapoharibika. Makadirio ya ukuaji hufanywa kwa kipindi, aghalabu miaka 10. Tuseme katika miaka hiyo 10 zitajengwa nyumba 5,000 tu, si 8,000. Hesabu halali inachukua sehemu ya gharama inayohusu hizo 5,000, na jibu linabaki 7,800 kabla ya kukata. Lakini mtu akichukua milioni 62.4 nzima akaigawanya kwa 5,000, anapata 12,480, na hata akikata nusu anabaki na 6,240. Nyumba za leo zitakuwa zimewalipia nyumba 3,000 za kesho. Ukipata mpango wa jiji lenu, tafuta jedwali lenye safu ya "sehemu itakayotumika ndani ya kipindi." Safu hiyo ikikosekana, au ikiwa na asilimia 100 mstari hadi mstari kwa mtambo mkubwa mpya, hapo kuna swali la kumpelekea mhandisi.

Turudi kwenye mita.

Majiji mengi hayahesabu vyumba wala watu, yanahesabu mita, kwa sababu mita ndiyo inayoamua mnaweza kuvuta maji kiasi gani kwa mpigo. Viwango vinavyotumika sana ni vya AWWA, chama cha wataalamu wa maji cha Marekani: mita ndogo ya inchi 5/8 hupitisha galoni 20 kwa dakika, ya robo tatu 30, ya inchi moja 50, ya inchi mbili 160. Ukiipa ile ndogo namba 1, robo tatu inakuwa 1.5, inchi moja 2.5, inchi mbili 8. Miji mingine huanzia robo tatu kama namba 1, kwa hiyo someni jedwali la mji wenu.

Nyumba yenu inahitaji mita gani? Mafundi bomba huhesabu kwa pointi, si kwa kubahatisha. Kwa jedwali la IPC, kanuni za mabomba ya majengo zinazotumika sana Marekani, bafu kamili lenye choo cha tangi ni pointi 3.6, sinki la jikoni 1.4, mashine ya vyombo 1.4, mashine ya kufulia 1.4. Mabafu matatu ni 10.8, ongeza hizo tatu, jumla 15. Kwa kuwa si koki zote hufunguliwa kwa wakati mmoja, pointi 15 ni sawa na galoni 17.5 kwa dakika. Mita ya 5/8 inatosha, ingawa kwa kujibana. Ukiongeza nyumba ya uani ya mama kwenye mita hiyohiyo, yaani bafu moja, jiko na mashine ya kufulia, ni pointi 6.4 zaidi. Jumla 21.4, ambayo ni galoni 20 na ushee. Hapo 5/8 imezidiwa kidogo na robo tatu inaingia vizuri sana. Inchi moja haionekani popote.

Iliingiaje kwenye ramani? Karibu kila mara ni nyasi. Mstari mmoja wa vinyunyizio vya bustani unaweza kumeza galoni 10 hadi 15 kwa dakika, na ukiujumlisha na nyumba unafika mita kubwa. Tatizo ni kwamba mita kubwa inazidisha na ada ya majitaka, wakati maji ya nyasi hayaendi kwenye majitaka hata tone. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuulizia. Ya kwanza ni mita moja ya robo tatu kwa nyumba zote mbili, na saa ya vinyunyizio ikipangwa kumwagilia saa tisa usiku wakati hakuna anayeoga: 4,800 na 3,900 mara 1.5, jumla dola 13,050. Ya pili ni mita ya nyumba ya robo tatu na mita ya pili ndogo ya bustani, ambayo hulipiwa ada ya maji tu: 13,050 jumlisha 4,800, yaani 17,850. Zote ziko chini ya 21,750. Njia ya kwanza inawaokolea dola 8,700.

Ila msimlazimishe fundi kabla hajapima shinikizo. Kanuni ya TCEQ inataka angalau psi 35 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwenye mabomba wakati wa kawaida. Mita ndogo inapovutwa hadi mwisho wa uwezo wake hula psi kadhaa, umbali kutoka barabarani hadi nyumbani unakula nyingine, na ghorofa ya juu nayo inakula zake. Shinikizo la mtaani likiwa 60, hakuna shida. Likiwa 40 na nyumba iko futi 150 kutoka barabarani, mama atalalamika kuhusu bafu lake, na atakuwa na haki. Kipimo chenyewe ni geji ya bei rahisi inayofungwa kwenye koki ya nje ya jirani. Pimeni jioni, si saa nne asubuhi. Na mita ndogo hailazimishi bomba dogo: baada ya mita mnaweza kulaza bomba la inchi moja hadi nyumbani ili kupunguza upotevu.

Kuhusu nyumba ya uani, ulizeni swali moja kwa maandishi: je, mji wenu unahesabu kwa mita au kwa idadi ya makazi? Ukiwa ni kwa makazi, nyumba ya mama italipiwa kama nyumba ya pili hata ikitumia mita moja. Jibu la mdomo la dirishani halitawasaidia baadaye.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosa ni tarehe ya kusajiliwa kwa ramani ya viwanja, ile wanayoiita "plat." Kama ramani yenu ilisajiliwa kaunti baada ya jiji kuanza kutoza ada hii, kiwango kinachowahusu ni kile cha wakati wa usajili, si cha leo, isipokuwa mkiongeza vipimo vya huduma, yaani mita kubwa zaidi au makazi zaidi. Mtaa uliosajiliwa miaka saba iliyopita unaweza kuwa na kiwango cha chini mno kuliko kilichobandikwa kwenye tovuti ya jiji. Makarani wapya hukosea hapa, na si kwa nia mbaya. Wanafungua jedwali la sasa tu. Na kama kiwanjani palikuwa na nyumba iliyobomolewa, ulizeni kama mita ya zamani inahesabiwa. Majiji mengi huwatoza wenye viwanja hivyo tofauti tu kati ya mita ya zamani na mpya.

Mwandikieni katibu wa jiji barua au baruapepe, mtaje kwamba ni ombi chini ya sheria ya taarifa za umma ya Texas. Ombeni sheria ndogo ya ada pamoja na jedwali lake, mpango wa miradi na makadirio ya ukuaji, tarehe na kiwango kinachohusu ramani yenu, na taarifa ya akaunti ya ada. Jiji likitaka kuzuia waraka wowote, lina siku 10 za kazi kumwomba mwanasheria mkuu wa jimbo uamuzi. Nyaraka hizi kwa kawaida hazizuiwi.

Kujenga nje ya mji? Mkienda kwenye mtaa ulio chini ya wilaya ya huduma, maarufu kama MUD, huenda msione ada hii kabisa. Mtaiona kwa sura nyingine: wilaya ilikopa kwa hatifungani kujenga mabomba na mtambo, na deni linalipwa kwa kodi ya ziada juu ya nyumba yenu kila mwaka, kwa miaka mingi. Kwa mtu mwenye fedha kidogo mkononi inaweza kuwa nafuu ya mwanzo. Kwa mtu anayetaka kukaa miaka 20, ingekuwa vizuri akae na kalamu kwanza. Mkienda mbali zaidi mkachimba shimo la maji machafu lenu wenyewe, kanuni ya jimbo kwa viwanja vipya inataka angalau nusu eka palipo na maji ya bomba la umma, na eka moja kama mnatumia kisima chenu.

Nisiifanye ada hii kuwa malaika. Inakuja pale tu watu wanapojenga. Soko la nyumba likisinzia, mapato hukauka huku deni la mtambo likiendelea kudai, na pengo hurudi kwenye bili za kila mtu. Pia inamgonga mwenye nyumba ndogo sawa na mwenye jumba kama mita zao zinafanana. Sheria inaruhusu jiji kupunguza au kufuta ada kwa nyumba za gharama nafuu zinazokidhi vigezo vya serikali kuu. Ulizeni, ingawa nyumba mnayoieleza inaweza isiingie.

Fundi bomba mwenye leseni anatosha kwa suala la mita, na mwiteni kabla mjenzi hajawasilisha ramani kwa mara ya mwisho. Mwanasheria wa mambo ya ardhi na serikali za mitaa mtamhitaji kama jiji litakataa kiwango cha tarehe ya ramani yenu, au kama jedwali la mpango lina ile kasoro ya kugawanya. Msichelewe kumwona: kesi ya kupinga ada yenyewe inapaswa kufunguliwa ndani ya siku 90 tangu baraza lilipoipitisha. Mlango huo ukishafungwa hubakia kubishania jinsi ilivyotumika kwenu, nako ni lazima kwanza mmalize rufaa za ndani ya jiji. Sura ya 395 hurekebishwa mara kwa mara, basi mwanasheria asome toleo la sasa. Kama fedha ndiyo tatizo na si haki, jiji linaruhusiwa kufanya makubaliano na mwenye kiwanja kuhusu muda na namna ya kulipa. Hilo halihitaji mwanasheria, linahitaji barua ya adabu.

Mkishalipa, piga picha risiti na uiweke pamoja na hati ya kiwanja. Hela isiyotumika ndani ya miaka 10 inarudishwa pamoja na riba, lakini hupewa mwenye mali aliyeandikishwa wakati wa kurudishwa. Mkija kuuza nyumba mwaka wa nane, risiti hiyo ikabidhiwe mnunuzi, au muandike kwenye mkataba nani ataidai.